Nilimfundisha mteja wangu kumkazia macho mkwe wake

Shikamoo mama mshauri,

Mi ni mshauri nasaha, nina miaka 29, nafanya kazi kwenye kituo kidogo tu huku Sinza, huu mwaka wa pili tangu nimalize chuo. Nakuandikia saa sita usiku na hii ni siku ya tatu usingizi haukai, kuna kitu nimemfanyia mteja wangu na sijui nakirekebishaje.

Mteja mwenyewe nitamwita Sudi, sio jina lake, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha asije akajulikana, na nimemuomba ruhusa ya kuandika akakubali. Ana miaka 33, anauza kwenye duka la spea, mtaa wa Gerezani. Siku ya kwanza alivyokuja alisema sentensi moja nikaiandika kama ilivyo, "Watu wanasema nina dharau, na mi sina dharau na mtu." Basi, akanyamaza. Alikua kashika kifuniko cha chupa ya maji anakizungusha kwa dole gumba, kikimponyoka anakiokota anaendelea, macho yote yako kwenye kile kifuniko, hakuniangalia hata mara moja dakika hamsini nzima.

Kazini bosi wake anamwambia wateja wanakimbia, mtu anaingia kuulizia plagi anamkuta kakunja sura utadhani kaja kumdai. Nyumbani mkewe alikua analalamika kila siku, nikikuelezea kitu unaangalia ukuta, hunijali, na mwisho akabeba mtoto akarudi kwao Mbagala. Na Sudi anasikiliza mama! Nilimuuliza mkeo alikua analalamikia nini akanitajia maneno yake moja moja, na siku aliyoyasema, na siku hiyo walikula nini. Ila uso haukwambii lolote, umpe habari njema umpe mbaya ni ule ule.

Basi nikaona hapa shida ni lugha ya mwili, nikaingia mtandaoni nikatafuta nikamtengenezea karatasi moja nzuri tu. Mwangalie mtu machoni usipepese. Simama wima, mabega nyuma. Tangulia kutoa mkono, shika kwa nguvu. Usikunje mikono kifuani. Tabasamu. Na juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, asilimia 93 iliyobaki ni sauti na mwili. Sudi ni mtu wa bidii, akanakili yote kwenye kaunta buku, akafanya mazoezi kwenye kioo wiki mbili, na mi nikawa najisifu kimoyomoyo.

Jumapili akaenda Mbagala kumfuata mkewe, peke yake. Akamkuta baba mkwe kakaa barazani. Sudi akasimama wima kama karatasi inavyosema, akatangulia kutoa mkono, akaukamata mkono wa mzee akaubana, akamkazia macho bila kupepesa huku anatabasamu, ndo akasema shikamoo baba. Mzee hakuitikia. Akamuuliza, "Umekuja kunipiga?" Alafu akanyanyuka akaingia ndani, mlango ukasukumwa nyuma yake.

Sudi akabaki pale barazani, anasema alijua mzee kaenda kumuita mkewe. Akakaa karibu saa nzima, maji hakuletewa, mtu hakutoka, mwishoni katoka shemeji yake mdogo, binti wa miaka kama kumi, ana ufagio, akaanza kufagia baraza pale pale alipokaa. Saa kumi jioni. Na Sudi akanyanyua miguu ili mtoto afagie vizuri.

Haya yote alinisimulia Jumanne kikaoni kwa sauti yake ile ile, na alipofika pale kwenye kunyanyua miguu mi nilishindwa nikageukia dirishani. Alivyomaliza akaniwekea ile karatasi mezani, imekunjwa mara nne, akaniuliza, "Dada, hii karatasi ni ya watu gani?"

Sikua na jibu. Mkubwa wangu wa kazi anasema nimuongezee mazoezi atazoea tu. Mi nataka kujua, mtu kama huyu unamfundishaje? Au nisimfundishe kabisa, nimuache alivyo? Na kuna mwenzangu kaniambia huyo ana usonji (autism), sasa mtu wa miaka 33 mwenye mke na mtoto inawezekana kweli? Na yule mzee tunamfanyaje?

Mimi mwanao, Sinza


JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni, wewe na Sudi wote wawili. Barua yako nilivyoisoma mara ya kwanza niliiweka pembeni nikaenda kushika kazi zingine, maana pale kwenye kunyanyua miguu na mimi palinishika.

Sudi kauliza swali la msingi na anastahili kujibiwa, kwahiyo tuanze na hiyo karatasi. Asilimia 93 inatoka kwa mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Albert Mehrabian, ni majaribio mawili aliyofanya na wenzake pale chuo kikuu cha California, Los Angeles, yakachapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa, neno kama "asante" au "labda", linasemwa kwa sauti ya upendo, ya chuki na ya kawaida, na kwenye jaribio lingine wakaongezewa picha za sura, alafu wanaulizwa unadhani huyu anampenda au hampendi anayemwambia. Ndo hivo tu. Neno moja, na swali la kupenda na kutokupenda. Akaunganisha matokeo akapata 7 ya maneno, 38 ya sauti, 55 ya uso, na mwenyewe amesema wazi kwamba hesabu hiyo inahusu pale mtu anapoongelea hisia zake na nani anampenda nani hampendi, haihusu mazungumzo yote. Watu wa semina wakaichukua wakaisambaza kila mahali. Ingekua kweli ungekaa na wafanyabiashara wawili wa Kichina pale Kariakoo wanaongea kwao ukanyanyuka umeelewa karibu kila kitu, na we unajua usingeelewa.

Vile vipimo vya umbali navyo, sentimita 45 kwa mtu wako wa karibu kabisa na mpaka mita moja na sentimita 20 kwa marafiki, nadhani umekutana navyo chuoni, ni vya Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alivichapisha mwaka 1966 na aliwaangalia zaidi watu wa kaskazini mashariki mwa Marekani na mwenyewe alilisema hilo. Mtu aliyekulia kwenye daladala za Mbagala mwili wake umefundishwa hesabu nyingine. Kwahiyo mjibu Sudi ukweli, mwambie hiyo karatasi ni ya watu wa huko, na ya huko yenyewe ilikua imeshakatwakatwa, na mi dada yako nilikupa bila kukuuliza kwenu mnasalimianaje. Mwambie hivyo hivyo kwa mdomo na umuombe msamaha. Usimuachie asome kwenye uso wako kwamba umejuta, maana kusoma nyuso ndo kitu kilichomleta kwako.

Hilo swali la kwenu mnasalimianaje ndo lililokosekana, na usidhani we unajua jibu kwa sababu na wewe ni Mtanzania. Dar hii ina kila mtu. Kuna nyumba mtoto wa kike anapiga goti, kuna nyumba mwanamke hapewi mkono na mwanaume asiye ndugu yake, kuna nyumba mkwe na mkwe hawakai mkeka mmoja, na kuna nyumba wanakumbatiana wote na kucheka. Kwa wazee wengi macho ya kijana yakishuka chini wakati wa shikamoo hiyo ndo heshima, ukiyakaza wanasema huyu ana macho makavu. Kijana huyo huyo kesho anaenda kwenye intavyuu Posta, pale mezani wanataka awaangalie, akiinamisha kichwa wanaandika hajiamini. Hakuna uongo sehemu zote mbili. Sasa mtu kama Sudi akipewa kanuni moja anaitumia kote, kwa uaminifu, ndo maana imemuumiza kuliko ambavyo ingemuumiza mtu mzembe asiyefanya homwek.

Na mi nikwambie yangu. Miaka yangu ya mwanzo nilikua na mama mmoja amefiwa na mwanae, kila akifika kwenye habari za mazishi anatabasamu. Nikaandika kwenye faili kwamba huyu hajaukubali msiba, nikawa namsukuma alie, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wiki ya tatu akanishika mkono akaniambia mwanangu, mi nikilia mbele yako ni wewe utakayeubeba huo mzigo nyumbani, na we bado binti. Alikua ananilinda, mama wa watu, na mi nilikua naona kilichoandikwa kwenye vitabu vyangu. Tangu hapo sijawahi tena kumwambia mtu uso wako unasema hivi, namuuliza nimeona umetabasamu hapo, ilikua nini?

Sasa namna ya kumfundisha. Acha kabisa kuanza na asichokijua, anza na anachokijua, na Sudi anajua vingi mno. Muulize kwenye daladala konda anadaije nauli. Hasemi kitu, anachezesha sarafu mkononi na kila mtu anaingiza mkono mfukoni. Akitaka gari isimame anagonga bodi, akitaka iondoke anagonga tena, na dereva anajua tofauti ya kugonga huku na kule hata redio ikiwa inalia. Muulize dukani anajuaje mteja aliyekuja kununua na aliyekuja kuulizia bei tu, nakuhakikishia atakwambia, atakwambia huyu anakigeuza kile kifaa anasoma namba ya nyuma, huyu anakirudisha mezani akiwa ameshaanza kuangalia mlango. Mwache akuandikie kumi za hivyo kwenye ile kaunta buku yake. Mtu aliyeambiwa miaka na miaka kwamba hajui kusoma watu, aone kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba anasoma, ila amejifunzia sehemu ambazo jambo linajirudia kila siku mbele ya macho yake. Kwa mkwe ameenda mara ngapi? Pengine mara nne tangu aoe.

Baada ya hapo ndo umpe zoezi la kuona. Chukua kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja nilichoona, upande wa pili nilichokisia. Muwekee kipande cha tamthilia kwenye simu dakika tatu, sauti umezima, aandike. Mwanzoni atakwambia "yule mama amekasirika," mrudishe taratibu, umeona nini mpaka ukasema amekasirika? Ameweka kikombe kwa nguvu, amegeuza shingo, hajamuangalia aliyemwambia. Hivyo vya kuona viende upande wa kwanza, kukasirika kuende upande wa pili, alafu mnarudisha na sauti mnaangalia kama kisio lilikua lenyewe. Mara nyingi wewe mshauri ndo utakayekosea na hiyo ni nzuri sana, acha akuone unakosea unafuta. Kuna wanasaikolojia, Lisa Feldman Barrett na wenzake, mwaka 2019 walipitia tafiti nyingi za nyuso na wakaonyesha kwamba mtu akikasirika sio lazima akunje uso na aliyekunja uso sio lazima amekasirika, kwahiyo hakuna kamusi ya kumkaririsha mtu kwamba nyusi hivi maana yake hivi. Unamfundisha kuona, kukisia, na kuhakikisha. Hiyo ya tatu watu wengi wanaisahau. Kuhakikisha ni kwa mdomo, "shemeji, naona kama leo mna shughuli, nije siku nyingine?"

Mkishazoea tamthilia ndo mrudi barazani Mbagala, na mrudi polepole maana pale kuna aibu. Sote tumekua tunaambiwa akufukuzaye hakwambii toka, ila mwanangu hebu fikiri, nani aliwahi kukaa chini akakuorodheshea huyo anayekufukuza bila kusema anafanya nini? Wengi wetu tuliokota tu, kwa kufinywa na mama ukiwa umekaa sana kwa watu. Sudi hakuokota. Kwahiyo orodhesheni. Salamu haijaitikiwa. Mlango umesukumwa. Maji hayajaja, na kwa watu wetu mgeni kukaa saa nzima hata maji hakuna ni jambo zito. Mtoto ametumwa na ufagio saa ambayo hakuna anayefagia. Mwambie moja ikitokea peke yake inaweza isiwe na maana yoyote, labda maji yamekatika, labda baraza lilikua chafu kweli, ila zikifika tatu kwa pamoja hapo ndo ananyanyuka anaaga kwa heshima. Hiyo ya kuhesabu mpaka tatu imewasaidia wateja wangu wengi wa aina ya Sudi kwa sababu ni kitu cha kushika, haikutaki uhisi kitu tumboni.

Na sauti usiiache, mtu ambaye uso wake haucheki anaweza kuwa na kazi rahisi zaidi kwenye sauti. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la neno haya. Rekodini kwenye simu yake, wewe unasema na yeye anasema. Kuna haya ya kukubali, fupi. Kuna haya ya kuanzisha safari, haya twende. Kuna haya ya mke aliyechoka kubishana, ile inayoshuka mwishoni na kuacha pumzi, na hiyo ndo mwambie akiisikia asiendelee na mambo yake akidhani amekubaliwa, hiyo ni haya ya mtu aliyekata tamaa. Kuna hayaaa ndefu ya aliyekukamata unadanganya. Kuna haya haya haya ya kubembeleza mtoto. Herufi zile zile nne. Mwache asikilize akisema mwenyewe, kikao cha kwanza zote zitatoka sawa, usimkosoe, chagueni moja tu ile ya kukubali kwa furaha, aiseme mpaka aisikie mwenyewe kwenye simu imebadilika. Nimemuona kaka mmoja anarudia kusikiliza sauti yake kama mara ishirini kwenye korido na mwisho akacheka, ndo mara ya kwanza niliona meno yake.

Kuhusu macho yake mwenyewe, muache nayo. Mtu anayesikiliza vizuri akiangalia ukuta au kifuniko cha chupa, ukimlazimisha kuangalia macho anaacha kusikiliza, nguvu zote zinaenda kwenye kuvumilia. Mpe enhe. Kwenye simu tunaongea na watu hatuoni uso na bado tunajua mtu yupo, kwa sababu anasema enhe, mh, ikawaje? Mkewe alikua hana enhe hata moja, anaongea na ukuta unaoangalia ukuta mwenzake, na mi namuelewa kabisa yule dada, usije ukamsahau kwenye hili, amekaa miaka na mtu ambaye hajui kama anasikilizwa. Sudi ajifunze enhe mbili kwa kila stori na swali moja mwishoni, alafu amwambie mkewe kwa maneno wazi, mi nikiangalia pembeni ndo nasikiliza vizuri, na nikifurahi usoni haitoki, nitakuwa nakwambia. Na mke akitaka aje kikaoni aambiwe na yeye. Kuna msomi wa Uingereza, Damian Milton, mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba mtu mwenye usonji na asiye nao wanashindwana pande zote mbili, huyu hamsomi yule na yule hamsomi huyu, lakini lawama tunamtwisha mmoja. Hata kama Sudi hana usonji hilo linamhusu.

Na kama anao? Inawezekana, ndio, kuna watu wazima wengi wanaoa, wanazaa, wanafanya kazi, hawajawahi kupimwa kwa sababu walipokua wadogo hakuna aliyekua anaujua usonji zaidi ya mtoto asiyeongea. Ila wewe usimpe jina hilo kwa barua yangu wala kwa maneno ya mwenzako. Kabla ya hapo kuna vitu vya karibu zaidi. Apime macho. Nimesoma kwamba anakunja sura mteja akiingia na kazi yake kutwa ni kusoma vinamba vidogo kwenye spea, jamani huyu anaweza kuwa haoni vizuri tu, na miwani ikamaliza nusu ya kesi ya bosi. Apime na masikio. Muulize usingizi, hamu ya kula, kama kuna kipindi alikua anacheka ikaacha, maana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inazima uso wa mtu kabisa. Muulize dawa anazotumia, kuna baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinakaza uso na mwili. Na kama sura ilibadilika ghafla, hasa upande mmoja, hiyo sio ya kwako wala yangu, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Vyote vikiwa sawa na bado mnaona dalili tangu utotoni, muandikie rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, Muhimbili wana idara yao, na umueleze kwanza unampeleka kwa nini ili asidhani umemchoka.

Umeniuliza umuache alivyo. Mi sikubaliani na kumuacha, na sikubaliani na mkubwa wako pia. Muulize Sudi anataka nini. Nadhani atakwambia anataka mke na mtoto warudi na bosi asimfukuze, na hivyo viwili havihitaji awe mtu wa kutabasamu kutwa, kutabasamu kwa kujilazimisha kutwa nzima kunamchosha mtu mpaka jioni hana cha kumpa mkewe. Chagueni sehemu mbili tu. Dukani ni zile sekunde kumi za kwanza mteja anapoingia, anyanyue kichwa, ainue nyusi, aseme karibu kaka karibu dada kwa ile sauti mliyoirekodi, basi, akimaliza arudi kwenye uso wake. Nyumbani ni zile enhe. Fanyeni kwa kuigiza, wewe ndo mteja umeingia kuulizia plagi, toka nje ya mlango kabisa uingie, mara kumi, alafu mbadilishane, wewe ukae nyuma ya meza na yeye aingie. Na kuna watu wengine, sijui kama Sudi ni mmoja wao ila muulize taratibu, walijifunza kuficha uso nyumbani utotoni kwa sababu ukionyesha kitu unapigwa. Huyo usimvue hiyo ngao haraka, mpaka ajue pa kuiweka.

Alafu angalia na chumba chako. Najua chuoni mlifundishwa ule mkao wa Gerard Egan, yule mwandishi wa vitabu vya ushauri nasaha, mkabili mteja, mkao wazi, inamia mbele, mwangalie machoni, tulia. Kwa wengi unafaa. Kwa Sudi dakika hamsini za kukabiliwa uso kwa uso ni kama kuhojiwa polisi. Geuza viti vikae pembe, wote mnaona dirisha, weka kitu mezani cha kushika. Saa ya ukutani usiiweke nyuma ya kichwa chake, kila ukiitazama anadhani unamtazama yeye. Na mara moja moja muulize, leo umeona nini kwangu? Atakwambia dada ulikua umechoka, au ulipiga miayo, au uligeukia dirishani. Aligundua hilo la dirishani nina hakika. Mwambie ulikua unalia.

Mzee sasa. Sudi asirudi peke yake, na wewe usiende, na hakuna kumpigia mzee simu umueleze mambo ya saikolojia. Aende kwa mjomba wake au kwa yule aliyekua mshenga wakati wa kuoa, amsimulie yote, mpaka karatasi. Mjomba atangulie siku yake mwenyewe, aseme kijana alipewa maelekezo asiyoyaelewa akadhani ndo adabu, hakukusudia, tunaomba tuje. Mzee akitoa siku ndo waende wawili. Mazoezi ya siku hiyo amfundishe mjomba, sio wewe wala mimi, yeye ndo anazijua desturi za nyumba ile, ila kwa mazoea ya wazee wengi wa hapa naamini itakua hivi, viatu vinabaki nje, anakaa chini ya usawa wa mzee, shikamoo inatoka macho yakiwa chini, mkono anasubiri apewe, akipewa apokee kwa miwili na asiubane. Mzee akinyamaza kabla ya kujibu, na atanyamaza, Sudi asikijaze kile kimya, hicho mjomba ndo atakisoma. Na maji yakiletwa anywe, hata kama hana kiu.